Unahamia Lamu? Ikague nyumba kabla hujaipenda bahari

JE, umewahi kuamka saa kumi na moja alfajiri hapo Komarock ukakuta mfereji umekauka kwa siku ya tatu, ukamsubiri kijana wa mkokoteni akuletee mitungi minne, na papo hapo ukaapa moyoni kwamba iko siku utahamia mahali penye bahari, minazi na upepo? Basi jua kwamba huna upweke katika njozi hiyo. Wako walimu wanaopewa uhamisho, wauguzi, wahandisi wa bandari na wazee waliokaribia kustaafu ambao jioni, wakiwa wamekwama katika msongamano wa Barabara ya Outering, hujiona wamekaa barazani kisiwani wakila embe.

Njozi si dhambi. Lakini nyumba hainunuliwi kwa njozi, na kisiwa kina tabia zake ambazo Eastlands haikukufundisha.

Kwanza, kisiwa kipi? Mombasa nayo ni kisiwa, ingawa wengi wamesahau kwa sababu hukifikia kwa gari moshi na kukivuka kwa daraja. Makazi yake ni ya jiji kama yako ya sasa, joto likiongezewa juu. Unguja inavutia, lakini ukivuka mpaka wewe Mkenya ni mgeni. Ardhi ya Zanzibar iko mikononi mwa serikali tangu Mapinduzi ya 1964, na mgeni hukodishwa tu, hamilikishwi. Ndiyo maana wengi wanaotaka kisiwa kilicho ndani ya Kenya, chenye mji na hospitali na shule, huishia kuitaja Lamu. Na tuizungumzie hiyo.

Kumbuka ulivyoipata nyumba ya Komarock, au wazazi wako walivyoipata. Kampuni ya Kenya Building Society ilizijenga safu kwa safu, moja ikifanana na nyingine kama mapacha; ukalipa amana, ukatia sahihi ya mkopo, ukakabidhiwa funguo. Baadaye ukaongeza chumba cha nyuma, kisha ghorofa, na jirani naye akaongeza, hadi jua likawa halioni uwanja. Lamu hakuna kampuni ya kukukabidhi funguo namna hiyo. Kila nyumba ina ukoo wake, madeni yake na kisa chake. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, na sidhani kama kuna mji ambao msemo huo unaufaa zaidi ya Lamu, maana milango yake iliyochongwa imewafanya wageni wengi wasahau kutazama dari.

MJI WA PUNDA

Safari yenyewe itakufunza. Kutoka Mombasa utapanda basi kupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, mwisho wa bara, kisha boti ikuvushe. Ukienda kwa ndege, uwanja uko kisiwa cha Manda, na bado utavuka kwa boti. Mji wa kale hauna barabara ya magari. Vichochoro vyake vilipimwa kwa punda na mtu, na kila kitu kizito, kuanzia saruji hadi jokofu, hupandishwa kwa mgongo wa punda au mkokoteni. Si ajabu kwamba tangu 1987 mjini humo pamekuwa na zahanati ya punda ya shirika la Donkey Sanctuary. Pikipiki zimeingia katika sehemu mpya za nje, lakini usizitegemee kukufikisha mlangoni.

Hii si habari ya watalii tu. Ndiyo hesabu ya kwanza ya nyumba. Mfuko wa saruji unaoshushwa na lori mlangoni mwako Komarock, Lamu hupakiwa na kupakuliwa mara tatu au nne: lori, boti, gati, punda. Kila mkono unalipwa. Kwa hiyo nyumba inayotumia vitu vilivyo karibu si nyumba ya mapambo ya wapenda mazingira. Ndiyo nyumba ya bei nafuu. Wazee wa Lamu walilijua hilo karne nyingi kabla ya neno mazingira kuwa la semina.

Hebu ingia nyumba ya mawe ya mtaa wa Mkomani. Nje kuna daka lenye viti vya mawe, ambapo mgeni husubiri. Ukipita mlango unakutana na tekani, kisha kiwanda, yaani ua wa ndani usio na paa. Kutoka hapo vyumba hufuatana kwenda ndani kama droo za kabati: msana wa kwanza, msana wa pili, halafu ndani, chumba cha mwenye nyumba, kilicho na ukuta wa vidaka. Utashangaa kuona vyumba ni virefu lakini vyembamba. Sababu yake ni mkoko. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haizidi urefu fulani bila kupinda. Kwa hiyo upana wa chumba huishia karibu mita mbili na nusu hadi tatu, hata kama mwenyewe alikuwa tajiri wa kuogopwa. Fundi wa kisiwani alikata nyumba kulingana na mti.

Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyokufa zamani, yanayochimbwa nchi kavu kisiwani Manda, katika kijiji kiitwacho Maweni kwa sababu hiyo hasa. Si ya asili moja na mawe yanayochimbwa machimbo ya Njiru, hatua chache kutoka kwako, maana yale ni ya volkano; haya ya matumbawe yana vitundu. Ukuta unene wake ni karibu nusu mita, unapigwa lipu ya chokaa. Joto la adhuhuri huchukua saa nyingi kuupenya, na linapofika ndani, usiku umeshaingia na upepo unalifukuza. Kiwanda nacho hufanya kazi ya bomba la moshi: hewa moto hupanda na kutoka, hewa baridi ya kichochoro chenye kivuli huingia mahali pake. Hakuna feni, hakuna bili.

Hata hivyo, usinunue kila kilicho cha kale kwa kuwa ni cha kale. Chokaa ya asili huchomwa kwa kuni, na kuni hizo si chache. Mawe ya matumbawe hai, yaliyokuwa yakitolewa baharini kwa kuchongea nakshi, usiyaguse hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa. Mwamba ulio hai ndio nyumba ya samaki unaotaka kula. Na vyoo vya shimo vya mji wa kale vimekaa karibu mno na visima, hata maji ya visima vingi vya mjini hayafai kunywewa. Ukionyeshwa nyumba yenye kisima ndani, ulizia kwanza choo kiko wapi, chako na cha jirani. Kipimo cha kawaida ni mita 30 kati ya shimo na kisima, na Mkomani mita 30 ni nyumba tatu.

Sasa kagua ukuta kwa macho na kwa kidole. Ukiona lipu ya saruji imevimba, inabambuka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua, na nyuma yake kuna unga mweupe, hapo kuna kosa ambalo mafundi wengi wa kisasa hulifanya. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua. Unyevu na chumvi huingia na kutoka. Ukiufunika kwa saruji, chumvi hubaki ndani na kuusukuma. Dawa yake ni kubandua na kupiga chokaa upya, si kuongeza saruji. Panda pia juu utazame ncha za boriti zilizoingia ukutani, maana hapo ndipo huoza kwanza. Gonga kwa fundo la kidole: boriti nzima hulia kavu, iliyooza hulia kama boga. Muuzaji akikukataza kupanda juu, teremka ukanywe chai ya maziwa ukatafute nyumba nyingine.

Na kumbuka kwamba huwezi kununua nyumba ya mji wa kale ukaibomoa upandishe ghorofa tano kama ulivyozoea kuona kando ya Barabara ya Kangundo. Mji huo uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na mabadiliko ya nje hupitia kwa Makavazi ya Kitaifa na serikali ya kaunti. Wako wanaoona hii ni kero. Mimi naiona ni bima: jirani yako naye hawezi kukuzibia upepo.

KUJENGA UPYA

Si kila mtu ataweza nyumba ya mawe, wala hana haja. Familia nyingi za wafanyakazi hupanga Langoni au katika mitaa mipya kama Wiyoni, Kashmir na Kandahari, na wengine hununua kiwanja wajenge. Hapo ndipo makosa ya Nairobi husafirishwa kwa boti. Mtu amesoma kwamba matofali ya udongo ya kufungana ndiyo nyumba ya kuhifadhi mazingira, na kwa kweli Kitengela au Machakos yanafaa, penye murram. Lamu chini ni mchanga. Ukianza kuvusha udongo kutoka bara kwa boti ili uitwe mwana mazingira, umechoma dizeli na fedha pamoja. Jiwe la Manda liko ng'ambo ya mlango wa bahari.

Mchanga wenyewe nao una mambo mawili. Wa ufuoni una chumvi, na chumvi hula vyuma ndani ya zege hadi nguzo ikapasuka miaka michache baadaye. Wa vilima vya Shela ni msafi na unatamanisha, lakini vilima hivyo ndivyo tangi la maji la mji mzima: mvua huzama humo, ikaelea juu ya maji ya chumvi, na visima vya Shela huinywesha Lamu. Anayechota mchanga huo anatoboa mtungi wake mwenyewe. Ukikuta fundi anakuuzia mchanga wa Shela kwa bei nafuu, sasa unajua ni nani atakayelipa salio.

Mikoko je? Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Kuuza nguzo hizo nje ya nchi kulipigwa marufuku mwaka 1982, na ukataji wa misitu ukasimamishwa tena mwaka 2018, jambo lililowatesa wakataji wa Lamu kabla ya kupunguziwa makali. Kwa ujenzi wa nyumba hununuliwa kwa wakataji wenye leseni ya Huduma ya Misitu, na utaziuliza kwa majina yake kulingana na unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Mchwa hauupendi mkoko kwa sababu ya ukali wa gome lake. Nguzo ikitoka msitu unaokatwa kwa zamu na kuachwa kuchipua, ni kifaa cha ujenzi kisicho na deni. Ikitoka kwa mtu anayekuletea usiku, si hivyo.

Paa ndilo litakalowagombanisha wewe na mwenzio. Makuti yanapendeza, yanapoza nyumba, na kuyashona ni kazi ya majirani wa Matondoni. Lakini hudumu miaka michache tu, cheche moja inatosha kuteketeza safu nzima, na maji yanayotiririka juu yake hutoka na rangi ya chai. Mabati huvuna maji masafi, ila huchoma adhuhuri na hupigwa kutu na hewa ya chumvi. Ushauri wangu ni huu: mabati mazito yaliyopakwa rangi nyeupe juu ya vyumba, dari chini yake na nafasi ya hewa katikati, makuti yabaki kibandani au barazani, mbali na jiko. Madirisha yapangwe mkabala, upande wa kaskazini-mashariki na upande wa kusini. Kaskazi itakuingilia huku kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi kule kuanzia Aprili. Anayejenga dirisha moja kwa kila chumba, kama tulivyozoea katika ploti za Kayole, atanunua feni.

Sasa tufike kwenye maji, maana ndiyo yaliyokuhamisha Komarock. Piga hesabu nami, na mwanafunzi wa darasani kwako akusaidie. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Lamu hupata karibu milimita 900 kwa mwaka, haipishani sana na Nairobi, na sehemu kubwa hunyesha kati ya Aprili na Juni. Paa la mita 80 za mraba litapokea lita 72,000. Toa moja ya tano kwa kumwagika na kuosha paa, zinabaki kama 57,000. Familia ya watu watano wakitumia mitungi kumi ya lita 20 kwa siku, hayo ni maji ya zaidi ya miezi tisa.

Tatizo si mvua, ni mahali pa kuiweka. Kiangazi cha Desemba hadi Machi ni siku zipatazo 120, na kwa mitungi kumi kwa siku unahitaji akiba ya lita 24,000. Tangi moja la plastiki la lita 1,000, lile unaloliona juu ya kila paa Eastlands, ni maji ya siku tano. Kwa hiyo unapokagua nyumba, ulizia jabia au birika la chini ya ardhi, likague nyufa, na kama halipo litie katika bajeti kabla ya kununua kochi. Mababu waliweka samaki wadogo ndani ya mabirika ya kuogea wale viluwiluwi vya mbu, na chini kabisa wakazamisha bakuli la kaure ili maji yakipungua samaki wapate pa kukaa. Hebu nionyeshe mhandisi aliyebuni kitu cha werevu zaidi ya hicho kwa gharama ya bakuli moja.

Kuhusu umeme, Lamu sasa imeunganishwa na gridi ya taifa baada ya miaka mingi ya jenereta ya dizeli. Paneli za sola zinafaa, lakini weka fremu na bolti zisizoshika kutu. Mtambo wa kupasha maji moto waachie wa Komarock. Kisiwani utaomba ya baridi. Na kama ulisikia habari za kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 kilichopangwa kujengwa upande wa bara, leseni yake ya mazingira ilifutwa na Mahakama ya Mazingira mnamo Juni 2019, baada ya wakazi kuipinga kwa miaka.

KARATASI

Hapa ndipo akiba ya miaka 20 hupotea kwa mchana mmoja, kwa hiyo soma pole pole.

Ardhi ya Lamu ni donda. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye ardhi ya mwambao wajitokeze kudai, na isiyodaiwa ikawa ya serikali ya mkoloni. Ndiyo maana hadi leo kuna familia zilizokaa mahali kwa vizazi bila karatasi. Mipango ya bandari ilipovuma, watu wa mbali walikimbilia kununua. Mnamo Julai 2014, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufutwa kwa hati za ekari zipatazo 500,000 zilizokuwa zimegawiwa kampuni 22. Mwezi mmoja kabla yake, watu zaidi ya 60 walikuwa wameuawa katika mashambulizi ya Mpeketoni na vijiji vya karibu, upande wa bara. Bandari yenyewe ilifungua gati lake la kwanza Mei 2021. Wewe unayetoka bara na kibunda cha fedha, ukinunua kwa dalali kiwanja ambacho wenyeji wanakililia, umenunua kesi na uadui kwa pamoja.

Kwa hiyo fanya upekuzi rasmi katika masjala ya ardhi mwenyewe au kwa wakili wako, si wakili wa muuzaji. Tafuta mpimaji akuonyeshe vigingi. Kaa chini na wazee wa mtaa na majirani wa pande nne, uwaulize bila haraka ni ya nani. Kiwanja kikiwa cha ufuoni, kumbuka Katiba ya 2010 inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Nenda utazame siku ya bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, maji yanapanda hadi wapi. Dalali hupenda kukupeleka wakati wa maji mafu.

Nyumba ya mji wa kale ina maswali yake mawili. Je, ni waqfu? Ikiwa imewekwa waqfu haiuzwi, hata anayekuuzia akiwa mjukuu wa aliyeiweka. Na kama si waqfu, warithi ni wangapi? Huenda ukapatana bei na mmoja aliye Lamu kumbe dada zake wako Mombasa na kaka yake Oman, na kila mmoja ana fungu lake. Sahihi zao zote zihitajike kabla shilingi yako moja haijatoka. Ongeza kodi ya stempu, asilimia nne ya thamani mjini na mbili mashambani, pamoja na ada za wakili.

Na ya Komarock? Usiiuze mwaka wa kwanza. Ipangishe, na kodi yake ikulipie ya Lamu. Tena nyumba ya ndoa haiuzwi kisheria bila idhini ya mwenzio, hivyo kama mama watoto hajaikubali bahari, mazungumzo yaanzie hapo. Panga nyumba ya Lamu angalau kutoka Machi hadi Julai, ili uonje joto, mvua ya Mei na kusi ikivuma hadi boti zinayumba. Nunua neti za vitanda vyote siku ya kwanza, maana mtoto wa Nairobi hana kinga ya malaria kama wa pwani, na ujue njia ya kwenda Hospitali ya King Fahad kabla ya kuihitaji.

Mwisho, chukua futi upime lile kabati lako la milango mitatu na kochi la watu watano ulilonunua Gikomba. Mlango wa nyumba ya kale una kizingiti cha chini cha kuruka na mabawa mawili membamba, na punda hakunji kona akiwa na kochi. Kitanda cha kamba na mikeka ya Kipungani vinapatikana huko huko.